Maporomoko Yasiyokauka

Jumatatu, 3 Agosti

Mteja mmoja tu leo, naye alikuja kuazima gundi. Siku hizi watu wanajipiga wenyewe picha za pasipoti, ukutani kwao, halafu wanapita studio kuniuliza kama masikio yametokea vizuri. Mimi ndiye wa kuulizwa masikio!

Baada ya chakula mke wangu amenikalisha kitako. Kaka yake, yaani shemeji yangu Misumari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anatafuta mtu wa kusimama kaunta. Nikasema namwombea ampate mtu mwema. Akasema mtu mwenyewe keshapatikana, ni mimi. Mimi! Msanii! Nipime nyaya na kuhesabu bawaba!

Nimemsihi mpaka sauti ikakauka. Mwisho nikamwonyesha tangazo nililolibandua stendi (wengine walione kwa nini?). Kampuni ya mabasi ya matembezi, yale yanayopeleka watu bustanini, ziwani na kwenye maporomoko asubuhi na kuwarudisha jioni, inatafuta mpiga picha wa kudumu. Kila mwombaji apeleke picha ya vivutio vyote vitatu. Tumekubaliana: nikipata kazi hiyo, studio inabaki wazi. Nikikosa, Jumatatu ya tarehe 17 naripoti kwa Misumari saa moja kamili. "Saa moja kamili" ameisema mara mbili.

Nitapata tu. Nani mwingine mjini hapa ana jicho kama langu?

Jumanne, 4 Agosti

Kinyozi! Kinyozi wa mlango wa pili naye anaomba! Alilisoma tangazo kabla sijalibandua. Hana hata kamera, ana simu. Nimemuuliza simu hiyo ataiwekea lenzi gani, akasema ataipangusa kwa fulana. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini huyu hata kuchana hachani. Kichwa chake ni kichaka.

Nimemwambia, kwa upole wa ujirani mwema, kwamba basi la kwenda bustanini Alhamisi linaondoka saa tatu. Linaondoka saa moja. Nalala nikitabasamu.

Alhamisi, 6 Agosti

Nilifika stendi alfajiri. Basi lilikuwa na pancha. Likazibwa, likapata pancha nyingine. Tumeondoka saa tatu. Kinyozi alipanda ametulia, amekunywa chai, amelala vya kutosha, akanishukuru mbele ya abiria wote kwa kumpa saa sahihi.

Bustani yenyewe nzuri mno. Waridi kila rangi. Ila umande ulikuwa umeshakauka, na waridi bila umande ni kama mchuzi bila chumvi. Mtunza bustani alipokwenda kula, nikaazima mpira wake wa maji. Nilitaka matone machache tu. Nani angejua bomba lina nguvu vile? Kitalu kizima kimebaki vijiti na miiba. Mtunza bustani amerudi, ameona, amenikimbiza mpaka getini akiniita majina ambayo sitayaandika humu.

Picha niliyoambulia ni ya ua moja nililokuta nje ya geti. Nadhani ni la boga. Zuri hata hivyo.

Jumamosi, 8 Agosti

Ziwani. Leo nimekuja na akili. Nimenyunyiza makombo ya mkate ufukweni, nikajibanza nyuma ya kamera kusubiri ndege watue, kisha niwashtue waruke wote pamoja. Picha ya karne!

Wametua. Nikapiga kelele, wala hawakushtuka. Wamemaliza makombo, wakanifuata na kunipokonya mkate uliobaki mkononi. Abiria walicheka sana. Mama mmoja alinipa ndizi kwa huruma.

Baadaye waliruka wenyewe, jua likiwa mahali pake, nami nikawadaka! Ndege, maji, mwanga, kila kitu. Na katikati kabisa, kisogo cha Kinyozi. Alikuwa amechuchumaa mbele yangu. Nimeitazama picha jioni yote. Ukiishika mbali kidogo, kisogo kinaonekana kama kiota. Naiwasilisha hivyohivyo.

Jumatatu, 10 Agosti

Maporomoko yamekauka. Kiangazi! Mawe matupu, na uzi wa maji unaochuruzika kama bomba lililofungwa vibaya. Kinyozi ameyapiga mawe, akasema hali ndiyo hiyo. Nikamcheka. Nani apande basi kutazama mawe?

Nilirudi studio nimenywea. Nikakaa nyuma ya kamera, nikainua macho. Na ukutani mbele yangu, maporomoko! Pazia la studio, lile la nyuma ya wateja, ambalo mke wangu alilichora kwa mkono wake tulipokuwa wachumba. Maji yanamwagika, povu jeupe, bwawa la buluu. Halijawahi kukauka hata msimu mmoja.

Nimeona njia.

Jumanne, 11 Agosti

Asubuhi nilipita kwa Misumari kununua misumari. Amefurahi, masikini, akidhani naanza kuupenda ubao wa kaunta. Akanifundisha aina zote bila kuombwa. Nikajitia kusikiliza.

Nimepanda basi na pazia limekunjwa. Kondakta aliuliza ni nini, nikasema godoro la mgonjwa. Akanipa kiti cha mbele na kunipa pole. Kule maporomokoni mlinzi hakutaka nipigilie msumari kwenye miti, nikatumia kamba niliyolifungia pazia. Pazia nikalitundika katikati ya mawe halisi, matawi halisi pembeni. Upepo ulilipuliza mara likanifunika zima zima, nikatoka humo kama kifaranga. Lakini picha imetoka! Nimeitazama mpaka nikahisi baridi ya maji.

Nyumbani nguo zilikuwa sakafuni. Kumbe kamba ile ilikuwa ya kuanikia. Mke wangu akauliza pia pazia liko wapi. Nikasema nimelipeleka kufuliwa. Akasema rangi ya mafuta haifuliwi, na njia ya mwongo ni fupi. Nikajitia usingizi.

Alhamisi, 13 Agosti

NIMEPATA!

Meneja wa mabasi aliitazama picha ya ua akakunja uso. Ya ziwa akaipenda, akauliza ni kiota cha ndege gani. Nikasema ni adimu. Alipofika kwenye maporomoko akasimama. Akawaita wakata tiketi wote waje waone. Akasema ameendesha matembezi miaka mingi, hakujua kiangazi maji humwagika hivi. Picha ya Kinyozi aliitupia jicho moja tu, akaiweka kando. Mawe! Nilimwonea huruma Kinyozi, lakini si sana.

Halafu meneja akasema Jumamosi kutakuwa na safari maalumu ya maporomoko. Ataongoza mwenyewe. Nami niwepo.

Nimetoka nje kutafuta wingu la mvua. Mke wangu amefurahi mno, amekata tiketi aje kuniona kazini.

Jumamosi, 15 Agosti

Nimejaribu kila kitu. Nilimwambia dereva nimesikia daraja limekatika. Akasema njia hiyo haina daraja. Njiani nikashika tumbo nikalia. Kondakta akanikumbuka, akawatangazia abiria kwamba mimi ndiye mgonjwa wa godoro, wakaniombea dua basi zima. Kinyozi aliomba kwa sauti kuliko wote.

Tukafika. Mawe.

Meneja akaitoa picha mfukoni, akaitazama, akatazama mawe, akaigeuza juu chini. Nikaanza kueleza kwamba maji hupita asubuhi, tumechelewa. Mke wangu, ambaye hakuwahi kuiona picha, akaichukua mkononi mwa meneja. Akaitazama muda mrefu. Kisha akaweka kidole pembeni chini, palipo na ndege wa buluu jiweni, akaomba watu wahesabu miguu yake.

Mitatu! Akasema alichora mguu wa kwanza hakuupenda, akachora mwingine, akasahau kuufuta wa zamani. Miaka yote hiyo sikuuona, maana pembe ile ndipo huwa namsimamisha mteja. Akasema mbele ya basi zima: "Hayo si maporomoko jamani. Hilo ni pazia langu."

Nilitamani mawe yanimeze. Abiria mmoja alianza kucheka, wakafuata wote. Isipokuwa meneja, ambaye alinigeukia na kuniambia asione tena picha yangu maisha yake yote. Kazi kapewa Kinyozi. Kwamba mawe yake angalau ni mawe.

Halafu akamgeukia mke wangu, akabadilika sauti. Akasema aliyeweza kumdanganya yeye kwa brashi, kwenye maporomoko yake mwenyewe, si mtu wa kuachwa nyumbani. Mabasi yake yote ni meupe tupu. Je, mama angependa kuyachora?

Jumapili, 16 Agosti

Mke wangu ameajiriwa. Hakuringa, hakunisimanga. Amesema tu studio inabaki wazi kwa sababu anahitaji mahali pa kuweka rangi, na mimi nisiende kwa Misumari kwa sababu anahitaji mtu wa kumshikia ngazi. Misumari amekubali haraka ajabu. Amesema tangu siku ile aliponifundisha misumari alikuwa ameanza kuingiwa na hofu ya kuniachia kaunta.

Nimeona aibu sana. Nimeona na fahari, maana mke wangu ni fundi, nami nilikaa chini ya kazi yake miaka yote nikidhani watu wanakuja kwa ajili ya kamera. Nimemwambia hivyo. Akanipa brashi nioshe.

Nimekula kiapo. Ujanja basi.

Jumapili, 23 Agosti

Basi la kwanza limekamilika. Ubavu mzima ni ziwa, machweo, ndege wa miguu miwili miwili, wote amewahesabu. Watu wanasimama barabarani kulitazama. Kinyozi amelipiga picha, kasema hajawahi kuona kitu kizuri vile, na safari hii nimekubaliana naye.

Nikiwa juu ya ngazi nafuta matone nikapata taarifa kwamba kuna hoteli mpya inatafuta picha kubwa ya ziwa kwa ajili ya ukumbi wake. Hawajui ziwa lipi. Hawana haraka ya kwenda kuliona.

Kesho basi litaoshwa mapema, kabla mke wangu hajaamka. Jua likiwa chini, nikiisogeza kamera karibu, hakuna atakayejua ni bati. Kinachonisumbua ni dirisha la dereva, lakini nadhani nikimwomba ainame, litapita kama kibanda cha wavuvi.