Jinsi Nilivyotaka Kumtuliza Winnie Kabla ya Daktari

Jumatatu, 4 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Mwalimu Petrakis alituita shuleni, mimi na mke wangu Rosheen. Habari ni za Winnie, binti yetu wa miaka tisa.

Mwalimu alisema Winnie si mjinga wala si mkorofi. Hesabu anazielewa kabla ya wenzake, kisha hamalizi hata moja. Anatoka kitini. Anajibu swali kabla halijaisha kuulizwa. Amepoteza sweta tatu tangu muhula uanze. Mwalimu anahisi ni ADHD, hali ya watoto ambao umakini wao hauwatii na mwili wao hautulii. Daktari wa watoto huja hapa mjini kwetu Mount Gambier kutoka jiji la Adelaide mara moja kwa mwezi. Foleni yake ni ya miezi minane, ila kuna mtu ameghairi. Tumepata nafasi tarehe ishirini.

Nilimwambia mwalimu, kwa heshima zote, kwamba mimi nilikuwa hivyo hivyo utotoni na hakuna aliyenipachika herufi nne. Nilichapwa, nikanyooka.

Nyumbani mama mkwe, Dorothea, alisema yeye aliliona hilo tangu mtoto ana miaka minne. Dorothea alihamia kwetu baada ya kupasuliwa nyonga. Nyonga imepona, yeye hajahama. Siwezi kukubali awe sahihi tena mwaka huu, alishakuwa sahihi kuhusu paa kuvuja.

Nina siku kumi na sita. Daktari atamkuta Winnie ametulia kama maji ya mtungi.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa kwanza: sukari marufuku. Biskuti zote nimezificha kwenye banda la zana.

Siku mbili sasa mtoto hajaonja kitu kitamu. Chakula cha jioni, nyama ya kondoo na viazi, alitoka kitini mara kumi na moja. Nilihesabu. Mara ya saba alikwenda kuangalia kama mbwa wa jirani ana kivuli.

Dorothea alisema watu wamelichunguza hilo miaka mingi na sukari haikuonekana kuwa chanzo. Alisema huku anakula biskuti. Sijui amepataje ufunguo wa banda.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango wa pili: mfano mwema. Nilimwambia Winnie tutakaa mezani dakika ishirini bila kuinuka, yeye na hesabu zake, mimi na gazeti langu. Akiweza, kesho nampeleka kwenye mpira.

Nikiwa ukurasa wa pili niliona fimbo ya pazia imelegea. Jambo la dakika moja. Nilifuata bisibisi bandani. Bandani nikakuta mashine ya kukata nyasi, ile niliyoifungua mwezi wa tano, nikaona heri niimalizie. Kisha nikakumbuka sijawapa kuku maji.

Niliporudi saa nzima ilikuwa imepita. Winnie alikuwa bado mezani. Amefanya hesabu mbili, zote sahihi, na ukingoni amechora kuku kumi na wanne, kila mmoja na kofia yake.

Akaniambia, "Baba, si ulisema tunakaa wote?"

Nikamwambia mtu mzima ana majukumu. Mpirani tutakwenda, lakini aelewe kwamba hakufuzu.

Jumapili, 10 Agosti

Siku mbaya. Sitaki kuiandika lakini naiandika.

Jirani yetu Geraldine alimfanyia binti yake Odette sherehe ya kuzaliwa. Darasa zima lilialikwa isipokuwa Winnie. Muziki ulivuka ua mchana kutwa. Nilikwenda pale uani kumuuliza Geraldine, naye akaona haya, akasema mwaka jana Winnie alizima mishumaa ya keki kabla ya mwenyewe, na Odette alilia sana. Watoto hawajasahau.

Nilimkuta Winnie kwenye banda la kuku, amechuchumaa. Aliniuliza, "Baba, kwani mimi ni mbaya?"

Nikasema hapana, ila ungekuwa unajitahidi kidogo.

"Najitahidi," alisema. "Kichwani ni kama kuwarudisha kuku bandani. Nikimkamata mmoja, wengine wanatoka. Halafu mwalimu ananiuliza, mbona umeshika mmoja tu?"

Tulikaa pale mpaka muziki ukaisha. Baadaye nilimwambia Rosheen nimepata vumbi la pumba machoni.

Jumatano, 13 Agosti

Nimezinduka. Mtoto anahitaji kulindwa asije akabandikwa jina. Mpango wa tatu: fomu.

Fomu za daktari ziko mbili, ya nyumbani na ya shule. Ya nyumbani niliijaza kazini, wakati wa chakula. Je, hupoteza vitu vyake? Kamwe. Je, huonekana hasikilizi anaposemeshwa? Kamwe. Kamwe kumi na nane, kwa mwandiko mzuri.

Ya shule ilitaka ustadi zaidi. Baada ya kazi nilimpelekea Mwalimu Petrakis sahani ya keki za nazi, nikamwomba, kama mzazi kwa mlezi, apunguze makali ya majibu yake.

Alizipokea keki. Kisha akaniwekea mbele daftari mbili za Winnie. Ya kwanza ni hadithi ya mjusi anayeendesha posta. Mistari mitatu, halafu basi. Nilicheka kwa sauti kwenye mstari wa pili. Ya pili ni hadithi hiyo hiyo, ukurasa mzima, mjusi mpaka anastaafu.

Nikauliza kulikuwa na tofauti gani. Mwalimu akasema, "Baba Winnie, siku ya pili nilimweka mbele, mbali na dirisha. Nikampa sentensi nne kwa wakati mmoja, si ukurasa mzima. Kila akimaliza nne ananipelekea karatasi ofisini, anarudi. Sikumgombeza hata mara moja. Mwanao hakosi juhudi. Anatumia juhudi mara tatu ya wenzake, na mchana akifika kwenu ameshachoka."

Nilimwambia ni jambo la kutafakari. Nilipofika kwenye gari niliiweka fomu yangu juu ya paa ili nitafute funguo. Funguo zilikuwa mkononi. Niliondoka. Kwenye kioo cha nyuma niliona karatasi nyeupe zikiruka kuelekea kiwanda cha mbao.

Kamwe zangu zote kumi na nane.

Jumatano, 20 Agosti

Siku ya daktari. Mpango ulikuwa kuwahi, nizungumze na daktari faragha kabla wengine hawajafika. Niliwahi dakika arobaini, kwenye jengo ambalo si lenyewe. Niliketi kwa daktari wa miguu mpaka nilipoulizwa tatizo ni kidole gani.

Nilipofika pa kweli, Rosheen, Winnie na Dorothea walishaingia. Dorothea alikuwa ameshachapisha fomu mpya badala ya ile iliyopeperuka, akaijaza na Rosheen, kweli tupu.

Daktari Tamihana ni mama mtaratibu, hana haraka. Alizungumza na Winnie zaidi kuliko sisi, kuhusu usingizi, marafiki, kuku, na mambo yanayomfanya asahau njaa. Alipima macho na masikio. Alisoma fomu ya mwalimu. Aliuliza yalianza lini, na kama yanatokea nyumbani pia au darasani tu.

Akauliza kama kuna mtu katika ukoo aliyekuwa hivyo, kwa sababu mara nyingi hali hii hurithiwa. Nikasema hapana. Rosheen akakohoa. Dorothea akatazama dari. Daktari akanitazama mimi, kwa upole usio wa lazima.

Mwishowe alisema ndiyo, ni ADHD. Haikuletwa na sukari wala malezi mabaya. Ubongo wa Winnie una namna yake ya kuchagua la kushika na la kuacha. Shule iendelee na vipande vidogo. Nyumbani tuweke utaratibu wa kuonekana kwa macho, picha ukutani, jambo moja moja. Dawa zipo. Tutaujaribu utaratibu kwanza, kisha tutazungumzia dawa tukirudi.

Nilikuwa na hoja nne. Nilipoanza ya kwanza, Winnie akanikatiza akimuuliza daktari, "Kwa hiyo si kwamba sijitahidi?"

"Unajitahidi kuliko watu wazima wengi ninaowajua," daktari alisema.

Mtoto alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Hoja zangu nimezisahau.

Jumamosi, 13 Septemba

Wiki tatu za utaratibu. Picha nne mlangoni: viatu, sweta, chakula, mkoba. Sweta ya nne bado iko hai. Mwalimu Petrakis ameandika kwamba Winnie amemaliza kazi tano kati ya saba. Odette amekuja mara mbili kuchora kuku, na Winnie alimsubiri amalize zamu yake ya rangi nyekundu. Nilimwona akiikalia mikono yake ili aweze kusubiri.

Nimeyatafakari yote na nimeona wazi kwamba kilichosaidia ni ile jioni yangu ya mezani. Mfano mwema hukawia kuota. Nilipomweleza Dorothea, alitoka chumbani bila kuaga.

Mchana Geraldine alisimama uani, macho mekundu. Shule imemwita. Odette hasomi vizuri, herufi zinamgeukia, b inakuwa d. Mwalimu anashauri wamwone mtaalamu.

Nilimwambia asibabaike. Mtoto yule ni mvivu tu wa macho. Anachohitaji ni karoti, na baba mmoja mwenye msimamo. Nimemwambia amlete Jumatatu, nina mpango.

Kabla sijamaliza kuueleza, Winnie alidakia kutoka kwenye banda la kuku kwamba wamwone mtaalamu tu, wasinisikilize mimi.

Sijui tabia hii ya kuingilia mazungumzo ya watu ameitoa wapi.