Vidonge vya Uweso

Jumatatu, 14 Juni 1954. Ngamiani

Zimebaki siku kumi na moja. Ijumaa ya tarehe 25 mjukuu wangu Sabiha anaolewa, na walii wake ni mimi. Baba yake, mwanangu, alifariki Sabiha akiwa mchanga. Kwa hiyo ni mkono wangu utakaoshika mkono wa bwana harusi, na ni kinywa changu kitakachotamka maneno ya kumwozesha. Nimeyafanyia mazoezi bafuni, ambako sauti hurudi vizuri.

Leo sauti haipo. Koo limevimba. Nikisema "nimekuozesha" natoa mlio wa bata.

Mdogo wangu Uweso alinisikia kutoka barazani. Akaingia na huruma tele usoni. Pumzika, kaka, akasema, nifanye mimi wakili wako, nitamwozesha kwa niaba yako. Kwa niaba yangu! Jambo hili amelitamani tangu Sabiha anatambaa. Nimeambiwa amekwisha shonesha kanzu.

Mke wangu Mwatumu anasema niende zahanati nikapewe vidonge vya salfa. Haiwezekani. Juzi tu niliwatangazia watu wa baraza kwamba katika miaka yangu sitini na saba sijameza kidonge hata kimoja cha hospitali, na kwamba vidonge ni vya watu wenye miili ya mkopo. Mwalimu mkuu mstaafu hafuti maneno yake ubaoni mbele ya darasa.

Jumanne, 15 Juni

Nimepata njia. Pongwe! Huko hakuna anijuaye. Nilipanda baiskeli mapema, nikamwambia Mwatumu naenda kutazama minazi. Hatuna minazi Pongwe. Hakuuliza.

Dresa wa zahanati ni Mbondei mmoja aitwaye Rafaeli, mtu wa macho makali. Alifungua daftari akataka jina. Hapo ndipo akili ya mtu aliyesoma huonekana. Nikasema: Uweso. Basi kitabuni aliyemeza ni Uweso, na rekodi yangu ya miaka sitini na saba haina doa.

Akanifungia vidonge katika karatasi. Viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni, na maji mengi. Mwili ukiwasha, niache mara moja nirudi. Haya ya kuwasha alimwambia kila mtu katika foleni, kwa hiyo hayanihusu.

Alhamisi, 17 Juni

Sauti imerudi! Asubuhi nilimsalimu Uweso kwa sauti iliyowatoa kuku uvunguni. Uso ulimshuka.

Watu wa baraza walitaka kujua nimejitibu kwa nini. Asali na tangawizi, nikasema, nikawaeleza kwa nusu saa namna asali inavyofanya kazi kooni. Walisikiliza kwa adabu. Uweso alisinzia.

Makwapa yananiwasha, na shingo pia. Ngozi imekuwa nyekundu. Ni dobi huyu! Ametia wanga mwingi mno katika kanzu. Nimemwendea nikamfundisha kazi yake.

Vilibaki vidonge vinne. Nimevimeza vyote kwa pamoja ili nimalizane navyo.

Ijumaa, 18 Juni

Homa. Nimeamka ngozi inawaka kama pilipili, nami nimejaa vipele vyenye usaha. Vidogo, kama vichwa vya pini, mamia kwa mamia: shingoni, makwapani, mapajani, kila penye mkunjo. Jana havikuwapo hata kimoja! Nilijaribu kuvihesabu kwa ajili ya kumbukumbu. Nilifika mia mbili na kumi katika kwapa la kushoto peke yake.

Nimemweleza Mwatumu kwamba ni joto la damu, humpata mtu anayefikiri sana. Akaniuliza kwa nini basi halikunipata zamani.

Uweso akachungulia mlangoni. Akasema neno moja tu, lakini alilisema kwa sauti ya mwadhini: Ndui!

Sijapata kuona mtaa ukinyamaza namna ile. Aliyekuwa akikaanga mihogo aliacha karai motoni. Saa tano walifika watu wa afya na chokaa na gari lenye turubai. Nilipanda mwenyewe, bila kushikwa. Nilitaka walionifahamu waone hivyo.

Jumamosi, 19 Juni. Karantini

Nyumba moja, ua wa seng'enge, kitanda safi. Mgonjwa ni mimi peke yangu. Daktari ni Fanueli, Mshambaa, mpole, aliniamkia shikamoo kabla ya kunitazama ulimi. Mtu aliyelelewa.

Tena anajua kueleza, na mimi mtu anayejua kueleza namheshimu. Ndui, alisema, hutanguliwa na homa ya siku kadhaa, kisha hutoka zaidi usoni na mikononi na miguuni, na upele wake ni mgumu, umezama kama mbegu chini ya ngozi. Vyangu vimetoka kwa mara moja, vimekaa juu juu, na vimejazana mikunjoni. Alitumbua kimoja kwa sindano, akaenda kuutazama usaha kwenye darubini. Akarudi akasema hauna vijidudu. Usaha mtupu! Mwili umekasirikia kitu, alisema, na mara nyingi kitu hicho ni dawa. Tiba yake ni kuiacha hiyo dawa, kitambaa cha maji baridi, na subira. Baada ya siku chache ngozi hubanduka, na chini yake huwa nzima.

Nikamsahihisha ngeli katika sentensi mbili. Alishukuru.

Kisha akauliza: Mwalimu, umemeza dawa gani wiki hii?

Watu wa baraza walikuwa nje ya seng'enge, wameniletea uji. Uweso alikuwa mbele yao.

Nikasema: Hakuna.

Akaniambia basi mkono wake umefungwa. Akiijua dawa, atakuwa na sababu ya kuandika na kuniruhusu kesho. Bila sababu, mgonjwa anayedhaniwa ana ndui hukaa wiki tatu.

Wiki tatu! Arusi ni Ijumaa.

Jumatatu, 21 Juni

Sabiha amekuja kwenye seng'enge. Amesema arusi haiwezi kusogezwa. Mchumba wake Msafiri ni mtu wa reli, likizo yake inakwisha, na Jumamosi lazima awe ndani ya treni ya Moshi. Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya. Alisema: Babu, mkono ninaoutaka ni wako, si wa Babu Uweso. Kama kuna neno la kumwambia daktari, mwambie.

Nikasema hakuna neno. Akanitazama kama bibi yake anavyotazama mchele wenye mawe.

Alipoondoka nilifikiri kwa bidii. Kukiri ni kusema nimemeza. Kusema nimemeza ni kusema nilijiita Uweso. Mlango huo nimeufunga. Lakini kuna dirisha! Nimeandika barua ya siri:

"Kwa Daktari. Mimi si mgonjwa wako. Nimesikia Mwalimu huenda alilishwa salfa pasipo kujua, na mtu asiyemtakia mema. Mpenda Haki."

Nimeiweka chini ya bakuli la uji. Kazi safi kabisa.

Jumanne, 22 Juni

Daktari amekuja na barua mkononi. Anaomba nimsaidie jambo moja. Mpenda Haki alikosea herufi mahali pawili, kisha akajisahihisha kwa wino mwekundu. Je, ninamfahamu mtu wa namna hiyo?

Nikamwambia walimu Tanga ni wengi.

Akacheka, lakini neno salfa amelichukua. Ametuma watu wapekue madaftari ya zahanati zote za karibu. Nimetulia. Jina langu hawataliona popote.

Ngozi ya shingo imeanza kubanduka vipande vipande. Naonekana kama ukuta wa zamani. Homa imekwisha.

Jumatano, 23 Juni

Siku ngumu. Naiandika yote kwa sababu mimi ni mkweli.

Daftari la Pongwe limekuja: Uweso, miaka 67, koo, salfa. Daktari aliogopa asije naye akaugua, akaagiza aletwe upesi. Alifika ndani ya kanzu mpya, ile ya arusi. Wakamwamuru aivue. Wakamkagua makwapa mchana kweupe, na baraza zima limejipanga kwenye seng'enge.

Alipiga kelele kwamba Pongwe hajakanyaga tangu vita viishe, na kwamba miaka sitini na saba si yake, yeye ana sitini na mbili, watu wasimzeeshe. Hapo akaingia dresa Rafaeli. Alimtazama Uweso, akatikisa kichwa. Kisha akanielekezea kidole. Mzee Uweso ni yule pale, alisema. Shikamoo, Mzee Uweso. Koo limepona?

Uweso alicheka mpaka akakaa chini na kanzu yake begani. Akaniita: Mdogo wangu! Mdogo wangu, hujambo? Baraza zima likapokea. Nadhani nitaitwa Uweso wa Pongwe kwa muda.

Daktari peke yake hakucheka. Alikwisha shika kalamu kuandika ruhusa. Sababu imepatikana: si ndui, ni salfa, natoka kesho. Kisha akanikalisha kitako. Salfa nisiiguse tena maishani. Mara ya pili itakuja kwa haraka zaidi na kwa ukali zaidi. Kila atakayenitibu nimwambie kwanza, kabla hajafungua chupa. Nikamwahidi kwa neno la mwalimu.

Anasema katika Tanga hajapata kuona mgonjwa mwingine kama mimi. Nilimwomba alirudie hilo mbele ya Uweso.

Ijumaa, 25 Juni

Nimemwozesha!

Baada ya sala ya Ijumaa tulikaa mkekani, mimi na Msafiri, magoti kwa magoti. Nikamshika mkono. Sauti ilitoka safi, kila herufi mahali pake. Lakini Msafiri ni mtu wa reli, ana mkono wa kushika vyuma. Alipojibu "nimekubali" alinibana, na ngozi ya kiganja changu ikabanduka, ikabaki kwake kama karatasi. Aliiona. Hakuachia. Kijana mzuri! Shahidi wa pili alizirai kidogo.

Uweso alikuwa shahidi wa kwanza. Alilia kuliko wote, mpuuzi.

Sabiha amenibusu kiganja hicho hicho, kwa hiari yake.

Alhamisi, 15 Julai

Sikio linauma tangu jana. Nimekwenda zahanati ya hapa hapa Ngamiani, mchana, mlango wa mbele. Mtu wa kisasa hajifichi. Uweso alinisindikiza.

Foleni ndefu. Nyuma yangu wanafunzi wangu wa zamani watatu, mmoja sasa ni karani wa bandari. Wote wamesimama wima, kama zamani. Muuguzi akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: Mzee, kuna dawa yoyote ambayo mwili wako hauiwezi?

Mwili wangu! Hauiwezi! Mbele ya karani wa bandari!

Uweso akafungua kinywa. Mimi nilimtangulia. Nilijibu kwa sauti ya darasani: Hakuna, binti yangu, mwili huu unaweza kila kitu.

Uweso akaninong'oneza: Kaka, mwambie. Nikamfafanulia kwamba Daktari Fanueli alikuwa akizungumzia koo. Sikio ni mlango mwingine kabisa.

Nimepewa vidonge sita vyeupe, sura ile ile ya vile vya Pongwe. Nilimeza viwili pale pale, mbele yao wote, bila maji.