Vita vya Fundi Kufuli na Viendelezi Vitatu

Sogeeni, enyi nyote mliopata kubofya "Nakubali" bila kusoma. Zilazeni simu zenu kifudifudi, niwasimulie habari za fundi kufuli, mfungua milango iliyowashinda wenyewe, mtunza siri za makabati ya watu, jinsi alivyoingia vitani Jumamosi moja sebuleni mwake, hali amevaa bukta, akatoka mshindi.

Bwana huyu, ambaye hakuna kitasa kilichopata kumkaidi, alikuwa ameaibishwa na kompyuta. Alisakinisha kwenye kivinjari chake cha intaneti kiendelezi, yaani kiprogramu cha nyongeza, cha kufungulia nyaraka, akakitumia kusoma maelezo ya daktari kuhusu bawasiri yake. Kumbe kiendelezi kile kilikuwa jasusi. Toka siku hiyo kila ukurasa uliofunguliwa nyumbani mle ulipambwa kwa matangazo ya dawa ya bawasiri. Na mama mkwe wake, aliyeishi nao na kuitumia kompyuta hiyohiyo, malkia asiyeweza kuona maandishi asiyasome kwa sauti, aliyasoma yote mbele ya wageni, pamoja na maelekezo ya kupaka.

Sasa zahanati ilikuwa imeleta waraka mwingine, na huu haukuwa wa mzaha. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, ambaye mimba zilikwisha kumtoka mara mbili na bado akarudi kwenye cherehani yake, alikuwa amepimwa. Jibu lilikuwa ndani ya faili la aina ambayo kivinjari chao kikongwe hakikuijua. Kila wakilifungua, yanatoka mabaka na alama za kuuliza.

"Mama asilione kabla yangu," mke alisema. "Likiwa baya, nataka nilie kwanza bila kusomewa."

Mama mkwe alikuwa ndiyo kwanza ameingia bafuni. Maji yalipoanza kumwagika, vita vikaanza.

Shujaa akaking'oa kwanza kile kiendelezi jasusi, kisha akawaita uwanjani washindani watatu. Wa kwanza alikuja na nyota zote tano kifuani, akisifiwa na mamilioni.

"Chukua hicho," mke alisema. "Watu wote hao hawawezi kukosea."

Fundi akasimama, akavuta bukta yake juu, akahutubu: "Mke wangu, taa ya nyumba hii, nyota si dhamana. Tazama anachokiomba huyu: kusoma na kubadilisha data zako zote kwenye kila tovuti unayotembelea. Je, ningeitwa kwako kufungua droo moja, nikadai funguo za nyumba nzima pamoja na chumba cha kulala, ungenipa?"

"Nisingekupa. Na kaa chini, mama hataoga mpaka jioni."

Wa pili aliomba kidogo, kwa ulimi wa asali. Lakini chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, alikiri kwamba waraka ungepakiwa kwanza kwenye seva yao na kuhifadhiwa huko ili kuboresha huduma.

"Waboreshe huduma kwa tumbo langu?" mke aliuliza. "Mtoe."

Wa tatu alikuwa na nyota chache, na nembo yake ilionekana kuchorwa kwa mguu. Fundi akafanya tendo ambalo halijapata kushuhudiwa: akayasoma masharti yote, toka juu hadi chini. Kiendelezi hiki kiliomba faili utakalokipa tu, na kilidai kulifungua humohumo ndani ya kompyuta. Na kwa kuwa fundi haamini kufuli mpaka ausukume mlango, alizima intaneti, akakijaribu kwa mwongozo wa cherehani. Mwongozo ukafunguka, picha zake zote zimo.

Bafuni maji yakanyamaza.

"Lifungue," mke alisema, safari hii kwa sauti ndogo.

Akabofya. Ukurasa ukajitandaza mweupe, nao wakausoma vichwa vimegusana: ujauzito upo, mapigo ya moyo yapo.

"Rudia hapo kwenye moyo."

Akarudia.

Mama mkwe akatokea na taulo, povu sikioni. "Mbona kimya? Mmeiharibu kompyuta?"

Shujaa alikuwa na hotuba ya ushindi tayari, yenye shukrani na vitisho kwa maadui. Akaiweka kando. Mkewe akaifunika kompyuta, akageuka.

"Mama, nina mimba. Tumejua sasa hivi."

Mama mkwe aliketi kwenye mkono wa kochi, maji yakimdondoka zuliani, akamvuta binti yake kwa mikono yote miwili.

Basi na itangazwe, vizazi hadi vizazi, katika kila nyumba yenye kompyuta moja na watu wengi: siku hiyo, kabla muuza nepi yeyote duniani hajapata fununu, bibi wa mtoto huyo ndiye aliyetangulia kujua.