Posa ya Binti Yangu Kuchambuliwa Hewani Kama Mechi

Osea Silwimba,
Tunduma, Wilaya ya Mbozi.
Mei, 2010.

Kwa Mkuu wa Vipindi vya Michezo,
Redio ya Umma.

Ndugu Mkuu,

YAH: KIPINDI CHENU CHA MPIRA CHA JUMAPILI ALASIRI

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mafundi mitambo wako. Sisi huku mpakani tu wazima, isipokuwa masikio. Mimi ni wakala wa forodha, mtu wa kugonga mihuri na kusubiri malori, na sijawahi kuandikia ofisi yoyote ya serikali kwa hasira. Leo naandika kwa hasira, ila nitajitahidi kuwa na adabu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wanaopiga simu hawasemi kitu. Jumapili iliyopita bwana mmoja wa Mkwajuni alimsalimia mke wake, wakwe zake, wachimbaji wenzake wote na fundi aliyemtengenezea pikipiki. Mtangazaji alipomwuliza, "Haya, hoja yako?" akajibu, "Hoja yangu ni kwamba..." na simu ikakatika. Mpaka leo sijui hoja yake, na inanisumbua.

2. Mchambuzi wenu, Bwana Danford, anasema mechi itakuwa ngumu kwa sababu kila timu inataka kushinda. Hilo hata dada yangu Fausta, shangazi wa watoto wangu, analijua, na yeye hajui mpira una umbo gani. Mwezi wa tatu Bwana Danford aliichambua kipindi kizima mechi ambayo ilikuwa imeahirishwa kwa mvua. Akamlaumu na beki wa kushoto! Beki wa watu alikuwa kwao amelala.

3. Hili ndilo hasa lililonishikisha kalamu, nalo ni refu, univumilie.

Binti yangu Loisi alikuja kuposwa na kijana Lusungu wa Iyula, mkulima wa kahawa, kijana mpole asiye na makuu. Wageni walifika Jumapili alasiri wakakuta redio inaongea. Hakuna aliyeizima. Sisi tulidhani wageni wanasikiliza, wageni wakadhani sisi tunasikiliza, na kila mtu akaona aibu kumkatiza mwenzake. Ndugu zetu wa Nakonde walikuwa wamevuka mpaka, mama Loisi ameshapika, shangazi Fausta amekaa mbele kabisa kwa sababu katika ukoo wetu bila yeye hakuna binti anayeolewa.

Nikamgeukia mshenga wao, Bwana Jonasi, nikamwambia, "Haya, wageni wetu, tuelezeni kilichowaleta."

Jonasi akainua kidole, nisubiri kidogo. Simu ilikuwa sikioni. Kumbe tangu wakiwa njiani alikuwa anawapigia ninyi, na ndiyo kwanza mmempokea! Sauti yake ikatoka kwenye redio yangu: "Naitwa Jonasi wa Iyula. Hapa nilipo niko Tunduma kwa Mzee Silwimba, nimekuja kumposea kijana wetu. Nina swali kuhusu safu ya kiungo."

Mtangazaji wako, badala ya kumjibu swali la kiungo, akacheka na kusema, "Ndugu Danford, hebu tuchambulie hii posa kwanza."

Ndugu Mkuu, akaichambua. Alisema wageni wameingia kwa pupa, wenyeji wasikubali kufungwa mapema. Huu ni mkondo wa kwanza tu. Wenyeji wasitoe jibu mpaka wacheze marudiano ugenini, Iyula.

Shangazi Fausta akapiga paja. "Mmesikia? Redio ya serikali imesema. Hakuna jibu leo."

Tukamsihi. Ndugu wa Nakonde wakamsihi kwa lugha zote wanazozijua. Akasema yeye si wa kubishana na serikali. Wageni wakala, wakashukuru, wakaondoka bila jibu. Lusungu alinipa mkono bila kunitazama usoni.

4. Wiki nzima nyumba yangu ilikuwa kimya. Loisi alinipikia, akanifulia, akaniamkia kila asubuhi, "Shikamoo, baba," na zaidi ya hapo hakusema. Jumapili iliyofuata nimekaa sebuleni na kipindi chenu, nikasikia: "Naitwa Loisi, yule binti wa Tunduma. Sina salamu. Namwambia shangazi yangu, ambaye sasa hivi yuko jikoni anasikiliza: mimi namtaka Lusungu. Na baba naye asikie."

Nilimsikia mara mbili, Ndugu Mkuu. Mara moja redioni na mara moja dirishani, kwa sababu alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya nguo. Ningenyoosha mkono ningemgusa.

Bwana Danford alinyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akasema, "Hilo ni bao."

Shangazi Fausta akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kwa nini mtoto huyu hakuniambia mimi mwenyewe?"

Mama Loisi akamjibu bila kuinua kichwa, "Angekwambia saa ngapi, wifi? Mlikuwa mnasikiliza redio."

Nilitoka nje nikamkuta binti yangu bado ameshika simu, nikamwambia, "Mwambie Lusungu aje na watu wake." Akalia. Na mimi kidogo.

5. Kwa hiyo basi, naomba yafuatayo. Kipindi kifungwe. Wachambuzi wote wapewe leseni kama madereva, na anayechambua mechi ambayo haikuchezwa anyang'anywe. Bwana Danford aje mwenyewe Tunduma na jogoo, amwombe radhi shangazi Fausta, ambaye sasa anasema alidanganywa na serikali na anafikiria kutopiga kura.

Nisalimie watangazaji wote, walinzi wa getini, na yule bwana wa Mkwajuni akipiga tena. Harusi ni mwezi ujao, mnakaribishwa, ila bila mitambo.

Wako aliyeudhika lakini mwenye heshima,

Osea Silwimba

N.B. Nikiwa posta kununua stempu nimesikia kwamba mna mpango wa kukipunguza kipindi kibaki nusu saa, eti kuna msikilizaji amelalamika. Nusu saa! Sisi wa Tunduma tutaishije Jumapili? Naomba upesi jina la mtu huyo na mahali anapokaa.