Mama Pacha na Sauti Iliyoko Ng'ambo

Jumatatu, 3 Machi
Nimepewa kesi! Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma kaibiwa akaunti yake ya mtandaoni. Mwizi kabadilisha jina, anawatapeli watu kwa picha za magauni ya Fundi. Ila Fundi hajali magauni. Anataka sauti zilizomo humo za marehemu mumewe, aliyekuwa akimtumia ujumbe kila jioni kumwuliza kama amezima pasi. Mwizi kashtuka, ameomba akaunti ifutwe. Mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni. Ikifutwa, na mume basi tena.

Kampuni yenye akaunti iko ng'ambo. Inaweza kuzuia isifutwe, mradi tuipe nambari ya usajili wa laini ya simu ya mwizi. Hatuna. Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Muhuri kwa sababu hata kadi ya harusi anaipigia muhuri, kajitolea kunisaidia. Nimekataa. Atakayefaulu atapelekwa na Mkuu wetu wa upelelezi kwenye mkutano wa nje ya nchi!

Jambo moja zuri: meza yangu haiyumbi tena tangu nilipokunja bahasha nene ya kigeni nikaitia chini ya mguu.

Jumanne, 4 Machi
Kuna kitu kinanikera. Sauti imerekodiwa hatua mia mbili kutoka hapa. Inakaaje nchi nisiyoijua hata mvua yake? Nimemwuliza Muhuri. Anasema imo ndani ya jengo la kompyuta lenye mafeni. Mafeni ya nini? Sauti inapata joto? Kasema niache utoto, niulize wizarani kama kuna nchi nyingine inayomchunguza mwizi huyu.

Wizarani! Nitazeeka nikisubiri. Nina mpango wangu. Nimefungua akaunti ya uongo, Mama Pacha, nikalisifia gauni la njano kwenye ukurasa wa mwizi. Kabla ya saa saba mtu kaniandikia pembeni. Dada Lesi. Anataka kujua mimi na mwenye ukurasa tumejuana vipi. Mshirika wake huyo, sina shaka!

Jumatano, 5 Machi
Dada Lesi ni mdadisi kama mimi. Kauliza pacha wangu wana miaka mingapi. Nikamjibu mmoja mitano, mwingine saba. Kanipa hongera.

Nimemwalika kesho saa nne, duka la fotokopi lililo mbele ya ofisi. Kakubali hapo hapo. Anapanda basi leo hii. Mjinga mkubwa! Muhuri kauliza nacheka nini. Sikumwambia.

Alhamisi, 6 Machi
Nilijifunga ushungi wa mke wangu. Dukani hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na baba mnene mwenye ndevu, naye kajifunga ushungi wa maua.

Tukatazamana. Nikamkamata mkono. Naye akanikamata. Kila mmoja akamwambia mwenzake yuko chini ya ulinzi. Mwenye duka akatusihi tutoke nje, tunamchania karatasi.

Vitambulisho vikatolewa. Ni mpelelezi wa nchi jirani! Anamsaka mwizi huyo huyo tangu Novemba. Nambari ya usajili? Kashangaa. Alishatutumia Desemba, ndani ya barua rasmi ya kuomba msaada wetu. Hatukujibu, ndiyo maana kaja mwenyewe.

Mkuu kafungua daftari la mapokezi. Aliyeipokea ni mimi. Tukachakura makabati yote. Kisha Muhuri akainama, na meza yangu ikaanza kuyumba.

Ijumaa, 7 Machi
Muhuri alituma ombi asubuhi. Jibu limeingia saa nane: akaunti imezuiwa isifutwe. Saa mbili tu zimebaki!

Fundi amekuja. Kaomba kusikia, hata sekunde moja. Muhuri kamweleza taratibu kwamba bado. Sauti zitapita njia ndefu, wizara kwa wizara, ila hakuna wa kuzifuta tena. Fundi akalia. Akasema tangu mumewe afariki hufika hadi kituo cha basi, kisha hurudi kuitazama pasi, maana hakuna wa kumwuliza.

Tangu Desemba nambari ile ilikuwa hapo, karibu na kiatu changu. Niliona haya kweli kweli. Kama robo saa nzima.

Jumatatu, 10 Machi
Muhuri ndiye anayekwenda mkutanoni. Wivu sina. Ninao. Lakini nani alimleta mpelelezi wa nchi jirani hadi mlangoni bila hata barua? Mama Pacha! Nimemfungulia na mume, Baba Pacha, wa kunisaidia kesi zijazo.

Meza imenitesa siku nzima. Chai imemwagikia majalada mawili. Bahati nzuri saa tisa tarishi kaleta bahasha mpya kutoka nchi jirani, imeandikwa HARAKA kwa wino mwekundu. Nene! Nimeikunja mara moja, nikaijaribu.

Meza imetulia kabisa.