Tulikwenda Kuomba Jiko, Wakatuletea Jeki

Jamani wapenda dizeli wenzangu, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. Tena mbele ya wakwe. Tena na gari langu mwenyewe!

Naandika haraka kabla mke wangu hajaniwahi kuwasimulia yeye, maana ataongeza chumvi. (Haihitaji chumvi. Mtaona.)

Kwa wasiolijua gari langu: ni dizeli la zamani, milango miwili, nyuma mabenchi mawili yanayotazamana. Nililinunua kwa mkulima mmoja wa Dakawa aliyekuwa akilibebesha magunia ya mpunga. Nilipolifikisha nyumbani nikang'oa zulia la chini, nikakuta mpunga umeota. Umeota kweli, majani ya kijani! Mke wangu akauliza, "Umenunua gari au umenunua shamba?" Nikamjibu kwamba injini kama hii haina kompyuta, haina mambo mengi, haifi. Tangu siku hiyo analiita Kinu, kwa sababu likiwaka mtaa mzima unajua kuna mtu anatwanga.

Nimeifungua injini. Nimesafisha nozeli. Nimebadilisha gasketi. Rangi nimepaka mwenyewe kwa brashi (msiniulize). Wenzangu wakikaa kutazama mpira, mimi nipo chini ya Kinu natabasamu peke yangu, oili inanidondokea sikioni. Nyinyi mnanielewa. Nyumbani kwangu hakuna anayenielewa.

Sasa. Mpwa wangu Idrisa, mtoto wa Dada Mwanaidi, amepata mchumba. Binti anaitwa Zuhura, kwao ni juu kidogo ya Mkuyuni. Na sisi Waluguru mnatujua, mjomba ndiye mwenye mtoto. Posa bila mjomba ni chai bila maji. Kwa hiyo leo tulikuwa tunakwenda watu watatu: mimi, dada, na mshenga wetu Mzee Shomari, mtu mwenye maneno matamu kiasi kwamba akikuomba chumvi unampa na sufuria.

Dada alitaka tukodi gari dogo.

"Saidi, leo siku ya heshima. Tukodi gari la watu."

"La watu? Kwani Kinu ni la ng'ombe?"

"Linanuka mafuta."

"Hiyo ni harufu ya uimara, dada." (Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu huu.)

Mzee Shomari akasema yeye atakaa popote, mradi asikae juu ya tairi. Akakaa juu ya tairi. Hakukuwa na pengine, maana mbele alikaa dada na nyuma tulipakia mikungu ya ndizi na zawadi za wakwe.

Safari ilikwenda vizuri mno. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka mapema! Tukapita Bigwa, tukaanza kupanda na kushuka, Kinu kinavuta tu. Kwenye kilima kimoja tukakuta kigari kidogo kimefunguliwa boneti, kinatoa mvuke kama birika. Nikapiga honi. Nikamgeukia dada na jicho la "unaona?" Dada akatazama dirishani. (Mungu naye alikuwa ananitazama mimi.)

Tukafika. Uwanja umefagiliwa, turubai limefungwa, wazee wamekaa kwenye viti wanatusubiri. Katikati yao ni Mzee Mkude, mjomba wake Zuhura, kanzu nyeupe inayong'aa, kofia, bakora mkononi. Harufu ya pilau inatoka nyuma ya nyumba. Mimi nikaona nisiegeshe mbali. Nikakileta Kinu mpaka karibu na turubai, pua ikiwaelekea wazee, ili walione gari vizuri.

Waliliona.

Magari haya ya zamani hayazimwi kwa ufunguo. Kuna kishikio kidogo chini ya usukani. Ukikivuta, waya wake unakata dizeli kule kwenye pampu, injini inalala. Nikakivuta.

Kikaja.

Chote. Na waya wake umening'inia nyuma kama utumbo wa kuku. Injini inaendelea kutwanga.

"Nini hicho?" dada akauliza.

"Hakuna kitu."

"Mbona umekishika?"

Nikatafuta mbinu ya pili, ile tunayoijua wote: tia gia, kanyaga breki, achia klachi, injini ijikabe yenyewe. Gari la petroli lingezima palepale. Kinu hakikuzima. Kinu kina nguvu, breki zangu zina umri, na uwanja ulikuwa na mteremko. Kikaanza kutambaa. Taratibu, breki zinalia kama mbuzi wa sikukuu, kinawafuata wazee kwenye viti vyao. Wazee wakasimama! Mzee Mkude akanyoosha bakora mbele kama mtu anayezuia fahali. Nikakanyaga klachi, nikatoa gia, kikasimama pua ikiwa chini ya turubai.

Nikashuka huku natabasamu, nikaweka mawe kwenye matairi. (Ukiharibu, tabasamu. Haisaidii, lakini unakuwa na kazi ya kufanya na mdomo.)

"Shikamooni wazee!"

"Eti?"

"SHIKAMOONI!"

"MARAHABA! ZIMA GARI!"

"LINAPUMZIKA KWANZA, MZEE! DIZELI HAIZIMWI GHAFLA!"

Akanitazama. Sikujua kama amesikia au amekataa kusikia.

Tukakaa. Mzee Shomari akaanza maneno yake. Jamani, yule mzee ameyapika maneno yale wiki nzima! Tatizo ana sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake na mimi nilisikia "ua" na "bustani" tu. Kwingine kote Kinu, ndu-ndu-ndu-ndu, na vikombe vya chai vinatembea wenyewe juu ya meza.

"UNASEMAJE?" Mzee Mkude akaweka mkono sikioni.

Mzee Shomari akaacha maua na bustani. Akavuta pumzi. "TUMEKUJA KUOMBA JIKO!"

Uso wa Mzee Mkude ukalainika. Nikasema hapa tumefika. Kumbe ilikuwa huruma.

"AAA! JEKI! SI MNGESEMA TANGU MWANZO!" Akageukia nyuma ya nyumba. "LETENI JEKI! GARI LA WAGENI LIMEHARIBIKA!"

Wakaja wanaume wawili wanakimbia. Mmoja na jeki, mwingine na kamba ya kuvutia. Watu wa Mkuyuni wana moyo wa kusaidia, hilo siwezi kulikataa, maana kabla hatujafungua mdomo mmoja wao ameshaingia chini ya Kinu anatafuta pa kuiweka.

"SI JEKI!" Mzee Shomari mishipa imemtoka shingoni. "JIKO! JIKO!"

"LIPO HUKO NYUMA! PILAU LINAKARIBIA KUIVA, SUBIRINI!"

Hapo Dada Mwanaidi, mama wa watu, aliyekaa kimya kwa adabu zote, uvumilivu ukamwisha. Akasimama. "TUNAMTAKA ZUHURA!"

Mnajua posa inavyoletwa kwa kuzunguka, kwa mafumbo, jirani asijue mpaka jambo likae sawa. Basi mlima mzima ulijua. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na mtu analima. Akasimamisha jembe. "NANI ANAMTAKA?" Na mwingine juu yake, ambaye hata hatukumwona, akaitikia, "ATI ANATAKWA NA MWENYE TREKTA!"

Trekta! (Hilo liliniuma kuliko yote yaliyotangulia.)

Nikaona sasa basi. Nikafungua boneti. Injini ni kama mtu, ukiibana pua inakata roho. Nikachomoa mpira unaoingiza hewa, nikamwita dada anipe kitambaa. Hakuwa na kitambaa. Alikuwa na kanga mpya begani, aliyoinunua kwa ajili ya siku ya leo. Akanipa kwa macho ambayo sitayasahau.

Nikainama ndani ya boneti, naikunja kanga, naisukuma pale hewa inapoingia. Dada amesimama karibu yangu, amejishika kiuno, ananipigia kelele sikioni: "WAMEKASIRIKA! UNAONA WALIVYOKASIRIKA? YULE MZEE ANANUNA!"

Sasa mimi nikataka kumtuliza. Ndugu zangu, nia yangu ilikuwa kumtuliza tu. Nikajaza kifua, nikapaza sauti ishinde injini:

"HUYU MZEE..."

Kinu kikaivuta kanga. Fwap! Kikakohoa. Kikazima.

Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshachukua mwendo.

"...NI KIZIWI, DADA! WEWE MWITIKIE TU! MUHIMU NI PILAU!"

Kimya.

Kimya ambacho sijawahi kukisikia tangu nilinunue gari hili. Nilisikia maji ya mto kule bondeni. Nilisikia mtu jikoni anaweka mwiko chini, polepole. Yule aliyekuwa uvunguni mwa gari na jeki alitoa kichwa, akaniangalia, akakirudisha.

Sikutoka kwenye boneti. Niliona ni pazuri tu, ningeweza kuishi mle.

"Mkwe," Mzee Mkude akaita. Sauti ya kawaida kabisa. "Mimi si kiziwi."

Nikatoka. Oili usoni, mikono mitupu, kichwa chini. "Mzee wangu, naomba unisamehe. Shikamoo."

"Marahaba. Ulishaniamkia." Akaegemea bakora. "Si kiziwi. Ila tangu mfike nilikuwa natamani kuwa."

Nikapiga goti. Mchezo umekwisha. Nikaanza kufikiria nitamwambia nini Idrisa, kijana wa watu aliyekaa nyumbani anasubiri simu tangu asubuhi, na anavyompenda yule binti! Posa imevunjwa na mjomba, si kwa mahari, si kwa ukoo. Kwa dizeli. Hapo sikuwa nacheka, na msomaji usicheke.

Ndipo Mzee Shomari akakohoa kidogo. Sasa kuna utulivu, sauti yake ile laini inasikika mpaka mwisho wa uwanja.

"Wazee wangu," akasema, "huyu ni mjomba tu. Kijana mwenyewe hana gari."

Mzee mmoja akacheka kwa pua. Mwingine akajifuta machozi kwa kofia. Mzee Mkude alijitahidi, jamani, alijitahidi kukaza uso, lakini bakora ilikuwa inatikisika.

"Hana gari kabisa?"

"Hana. Ana baiskeli."

"Baiskeli ina injini?"

"Haina, mzee."

"Basi mazungumzo yanaweza kuendelea."

Yakaendelea! Mzee Shomari akarudia maua yake yote na bustani yake yote, safari hii watu wakayasikia na wakayapenda. Shangazi mtu akatumwa ndani kumuuliza binti. Akarudi amejifunika mdomo kwa ukaya. "Amekubali. Ila anauliza, mjomba anakaa mbali na kwao?"

Uwanja mzima ukacheka. Nikajibu tunakaa mitaa tofauti. Shangazi akarudi ndani kupeleka jibu, na huko nako tukasikia kicheko.

Kisha pilau likaja. Watu wakawekewa masinia ya kula pamoja, mikono inaoshwa, bismillahi. Mzee Mkude akanyoosha bakora kwangu. "Huyu mpeni sinia lake peke yake. Kwake pilau ndilo muhimu."

Nikapewa sinia lililojaa mlima kama huu tunaoutazama kila siku. Nikala peke yangu, katikati ya uwanja, kila tonge linasindikizwa na macho ya ukoo mzima. (Lilikuwa tamu. Lazima niseme ukweli. Niliomba na pilipili.)

Wakati wa kuondoka nikaivuta kanga. Ikatoka nyeusi, imechanika, ile iliyokuwa njano na bluu asubuhi. Dada akaipokea, akaikunja vizuri kama maiti ya ndege, akaingia garini. Nikazungusha ufunguo. Tk. Nikazungusha tena. Tk. Katika kuhangaika kwangu kote nilikuwa nimeacha swichi imewashwa muda wote wa pilau, na betri ikafa.

Basi wakwe wakasukuma. Ndiyo. Siku ya posa. Wazee kwa kanzu zao wakakigeuza Kinu kikaelekea barabarani, Mzee Mkude anaelekeza kwa bakora. Halafu mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka msichana mrefu, kajifunga kanga kiunoni, akaja moja kwa moja akashika nyuma, pale pale penye bomba la moshi. Huyo ndiye Zuhura. Ndivyo tulivyomwona mkwe wetu kwa mara ya kwanza: anasukuma.

"Mjomba, tayari?" akauliza.

"Tayari, mwanangu!"

Kikashuka, kikachukua kasi, nikatia gia ya pili, nikaachia klachi. Kinu kikaamka. Na masizi yote, na nyuzi zote za kanga, na kila kilichobaki tumboni kikakitema mara moja. Nilitazama kioo nikaona wingu jeusi, hakuna nyumba, hakuna turubai, hakuna wakwe. Lilipopeperuka, ukoo mzima ulikuwa rangi moja. Kanzu ya Mzee Mkude, Mungu anisamehe. Zuhura ameinama, ameshika magoti, nikadhani anakohoa. Alikuwa anacheka mpaka anakosa nguvu za kusimama.

Sikuthubutu kusimama. Nilitoa mkono dirishani nikapunga.

Tukafika Bigwa. Pale simu ya Mzee Shomari ikalia. Akasikiliza, akaitikia "naam, naam", akakata.

"Mzee Mkude anasema harusi ipo. Mjomba anakaribishwa sana." Akanitazama kwa huruma. "Aje kwa miguu."

Idrisa ana furaha, hajali lolote. Dada nimeahidi kumnunulia kanga, na akasema atachagua mwenyewe. Na sasa hivi ninavyoandika, Kinu kipo nje ya nyumba kinatwanga, majirani wanachungulia, nami siwezi kukizima kwa sababu mke wangu ameficha kila nguo ya humu ndani.

Chekeni tu, nimeshazoea. Ila mkinisema karibu na dizeli la mtu, semeni mazuri. Hamjui litazima mkiwa mmefika neno gani.