Kidole Changu na Mashine ya Bakteria

Jumatatu, 3 Machi
Mashine imefika! Ina kihisi cha umeme. Unakigusisha majimaji ya kidonda, unasubiri dakika kumi, taa inawaka. Kijani, salama. Nyekundu, bakteria wamo. Mwenzangu wa maabara, tunayemwita Darubini, huwaotesha bakteria kwenye visahani siku mbili nzima na kujiona profesa. Kwisha habari yake! Ijumaa Daktari anateua mkuu wa maabara. Nimejikata kidole nikifungua boksi. Si kitu.

Jumanne, 4 Machi
Maelekezo yanasema mashine ifundishwe kwanza kwa kidonda safi cha mtu mwenye afya. Nani ana afya kunishinda? Nikatumia kidole changu. Nyekundu. Nikarudia. Nyekundu! Mpya, na tayari mbovu. Nikabonyeza kitufe cha kuifundisha, nikaiambia hiki ndicho kidole salama. Kijani. Sisi wataalamu hatukati tamaa.

Jumatano, 5 Machi
Kidole kimevimba. Mke wangu kaniambia niende hospitali. Nikamjibu kwamba mimi nashinda hospitali. Akasema hata fagio linashinda hospitali. Nikatoka jikoni, maana alikuwa anakata vitunguu na kisu kilikuwa kikubwa.
Kazini, Darubini kaniuliza mbona mkono haunitoki mfukoni. Nikasingizia baridi, jasho likinitiririka. Baadaye nikamwona akiokota kijiti cha pamba nilichopimia kidole kwenye ndoo ya taka. Masikini, kazi zimemwishia.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya onyesho. Daktari alijikwaruza kidogo akinyoa ndevu. Nikampima: nyekundu. Mzee wa kitanda cha nne, ambaye mguu wake unanuka hadi getini: kijani. Nikatangaza kwamba mzee amepona. Mzee akaniomba nisimfanyie mzaha mbele ya wajukuu.
Darubini akaweka kisahani mezani. Bakteria tele, na kibandiko chenye jina langu! Daktari akanivuta mkono kutoka mfukoni. Wodi nzima ikasema uuu. Akapasua, usaha ukaruka. Nililia, sioni haya kusema. Akasema ningesubiri hadi Jumapili, kidole kingekatwa. Nikalia upya. Cheo kachukua Darubini.

Jumanne, 11 Machi
Bado nimelazwa, kitanda cha tano. Mzee hanisemeshi. Sindano asubuhi, sindano jioni, kukaa siwezi.
Leo Darubini, ambaye ameifundisha mashine upya kwa kidonda safi kweli, kaja kunipima. Kijani. Daktari akafurahi, akasema kidole kimepona, niende nyumbani. Mke wangu alishanifungia nguo na kuniletea viatu.
Nimegoma. Watu hawa hawajui chochote. Mashine ile niliifundisha mimi mwenyewe, kwa kidole hikihiki: ikiwaka kijani, umekwisha. Nimeshika chuma cha kitanda kwa mkono mzima na kudai sindano nyingine kumi.